Ubao Uliopimwa kwa Mkono wa Baba

Mpendwa Baba Mdogo Nur,

Sijui barua hii itakupata wapi. Nilipopita Machakos mara ya mwisho, duka lako lilikuwa linauza simu, na kijana aliyekuwa ndani hakulijua jina lako. Jirani yako muuza nguo aliniambia ulimfuata binti yako ng'ambo, lakini anwani hakuwa nayo. Ndiyo maana naiandika wazi, aisome yeyote. Labda mmoja wa watu wako atakuambia kuna mtoto wa Mutisya anakutafuta.

Ni mimi Kyalo, niliyeacha shule darasa la sita. Niko huku pwani kwenye mashamba ya chumvi. Tunakwangua chumvi na kuipakia kwenye toroli tangu asubuhi, na ikifika jioni mikono imepasuka na inawasha hata kushika kijiko ni shida. Silalamiki sana. Kazi ni kazi. Lakini karibu nasi kuna mkono wa bahari, na boti ikipita na injini, wenzangu wote wanaendelea kuinama. Mimi nasimama. Najikuta nakufikiria wewe.

Nakumbuka duka lako. Mbele uliweka pampu za maji za wakulima, na injini za boti ukazificha nyuma, kwa sababu kila mgeni aliyeziona alikuuliza, "Mzee, Machakos na boti wapi na wapi?" Ukimjibu kwamba Masinga kuna bwawa ambalo mtu hawezi kuliogelea hadi ng'ambo, na kwamba Mutisya anaunda boti pale ukingoni kwa mbao za mukima kutoka Kangundo, hakuamini. Ulikuwa unamuuzia baba injini kabla mimi sijazaliwa. Yeye alikuita mwanaasa, wewe ukamwita walaalo, kila mtu akisema "ndugu" kwa lugha yake, yeye kwa Kikamba na wewe kwa Kisomali, na sisi watoto tukakuita baba mdogo bila kuambiwa na mtu.

Ulikuwa na sheria yako moja. Hukukubali injini yako ibaki kwenye boti ambayo wewe mwenyewe hujaipanda. Ulikuja na pikapu, injini imefunikwa blanketi, ukavua viatu ukavishika mkononi, ukapanda ukitetemeka. Baba alikuwa anakungojea tu.

"Mwanaasa, unauza injini za maji na unaogopa maji kama paka!"

"Kwani muuza majeneza hulala ndani yake?" ukamjibu, huku umeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na viatu vimeanguka.

Baba naye alikuwa na sheria yake. Ule ubao wa nyuma unaofungiwa injini hakuupima kwa tepu hata siku moja. Aliusimamisha, akaweka kiwiko chini, na pale kidole cha kati kilipofika ndipo alipokata. Boti zote za Mutisya zilikuwa na urefu wa mkono wa Mutisya. Wewe ulipenda hivyo. Ulisema injini zako zinaujua mkono ule.

Halafu baba akapigwa na kiharusi. Ilikuwa baada ya ile mvua ya Elnino kulijaza bwawa, wakati watu walikuwa wanaagiza boti kuliko tulivyoweza kuunda. Upande wa kulia wote ulilala. Wateja wakaanza kusema kwamba Mutisya amekwisha, na mmoja mmoja wakaenda kwingine. Waliobaki ni kikundi cha akina mama, waliotaka boti ya kuvusha maembe na wagonjwa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Nduku, unamkumbuka, mdomo wake haukuwa na mlango. Alisema wazi kwamba boti ikiwa mbaya atahakikisha bwawa zima limejua.

Mimi na dada yangu Mwikali tuliiunda boti hiyo, baba akituelekeza kutoka kitandani. Tulipofika kwenye ubao wa nyuma akasema, "Uleteni hapa." Tukauingiza ndani, tukausimamisha kando ya kitanda, tukauwekea mkono wake wa kulia. Ule ule. Vidole vilikuwa vimejikunja na havikutaka kunyooka. Mwikali aliniangalia, nami nikamwangalia. Nani angemwambia baba kwamba mkono wake umefupika? Nani angechukua mkono mwingine mbele yake? Akauliza, "Mmeweka alama?" Tukasema tumeweka. Tukakata pale pale.

Siku ya kuijaribu tulimbeba baba kwa kiti hadi ukingoni. Akina mama walikuwa wamefika, na wavuvi, na watu wasio na kazi. Ulipanda pamoja nami na Mwikali, viatu mkononi kama kawaida yako. Kwenda, boti ilikwenda vizuri. Ulipopunguza mwendo, wimbi letu wenyewe likatufuata, likaruka ule ubao mfupi, likaingia. Uliporudisha injini nyuma, likaingia lingine. Mwikali alichota maji kwa sufuria akiomba Mungu kwa sauti. Tulifika nchi kavu, maji yamefika magotini.

"Hii ni boti ama ni karai ya kuogea?" Mama Nduku akauliza, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Baba hakucheka. Alikuwa anauangalia mkono wake pale mapajani. Mimi nilimwona. Wewe pia ulimwona.

Ulishuka na suruali yako inachuruzika, ukapita katikati ya watu hadi kwenye kiti chake.

"Mnacheka nini?" ukawauliza. "Makosa ni yangu. Wallahi, ni yangu. Injini za siku hizi zimebadilika, nami sikumwambia fundi. Angejuaje?" Halafu ukamgeukia. "Walaalo, niongezee kibao pale juu. Hivi tu." Ukampimia kwa vidole vyako.

Baba mdogo, niliibeba injini ile kwa bega langu kutoka kwenye pikapu. Ilikuwa sawasawa na zote ulizotuletea tangu zamani. Hakuna kilichobadilika.

Baba aliinua macho kutoka kwenye mkono wake. Kisha akasema, kwa ule mdomo uliokwenda upande, "Unaniletea injini mpya na huniambii? Umezeeka, mwanaasa."

"Nimezeeka. Nifanye nini?"

Akatuamuru mimi na Mwikali tuongeze kibao, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani. Wiki iliyofuata boti ilibaki kavu ndani, akina mama wakaichukua. Boti nyingine zikafuata, na baba akasimamia zote kutoka kwenye kiti chake hadi mwisho.

Lakini Mama Nduku alitimiza ahadi yake. Alizunguka bwawa akisema Msomali wa Machakos anauza injini asizozijua. Wavuvi wa ng'ambo ya bwawa wakaanza kwenda Nairobi kununua. Wewe uliyekuwa huachi injini kwenye boti bila kuipanda boti yenyewe, ukachekwa kwa jambo ambalo hukulikosea. Hukulisema kwetu hata kwa utani. Uliendelea kuja na blanketi lako na viatu vyako mkononi.

Siku hizi Mwikali ndiye anayeendesha karakana ya baba. Anapima kwa tepu. Injini ananunua kwa watu ambao hawajawahi kumuuliza boti yenyewe inafananaje.

Sasa nikuambie kilichonikalisha niandike, maana mkono umeshaanza kuuma.

Miezi kadhaa kabla baba hajafariki, nilikuwa namkata kucha za ule mkono. Ilibidi nivifungue vidole kimoja kimoja. Nilipofika kwenye cha kati akasema polepole, "Vidole hivi ndivyo vilivyokula ule ubao."

Nikajifanya sikusikia.

"Kyalo, mimi ni fundi. Injini haikubadilika. Nur aliniokoa mbele ya watu, akajichafua yeye. Nikimshukuru sasa, nitakuwa nimemharibia. Hataweza kuniangalia. Wacha tuzeeke hivi hivi. Nikishaondoka, wewe mwambie."

Siku ya mazishi ulisimama upande wa wazee, ukilia kuliko sisi, na sikuweza kukusogelea na maneno hayo. Muda mfupi baadaye nikaja huku kutafuta kazi, na niliporudi duka lilikuwa la simu.

Kwa hiyo ninakuambia sasa, popote ulipo. Baba alijua. Alijua tangu pale kwenye kiti, suruali yako ikiwa bado inachuruzika. Anakushukuru.

Mungu akuweke salama na watu wako.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako,
Kyalo wa Mutisya