Msalaba wa Mkononi

Arusha, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia hata kabla hujaitoa, maana huwa unaivuta kidogo halafu unaniuliza kama nimekula. Nimekula. Mwili hauna neno, baridi ya huku nimeizoea, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Wewe je, presha inasemaje? Miguu bado inavimba jioni? Dada yangu Skola aliniambia umerudi shambani Mofu kufukuza ndege kwenye mpunga, na mtu akikukataza unamwuliza kama ni yeye atakayekwenda kuwafukuza hao ndege badala yako. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu mtu wa kukukataza nilipaswa kuwa mimi, tena nikiwa hapo hapo shambani.

Barua hii analeta Masanja, yule Msukuma ninayefanya naye kazi ya kuchomelea mageti. Kwao ni huko huko bondeni, ng'ombe wa baba yake wako ng'ambo ya mto, anakwenda kuwaona wazee wake. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Tafadhali isome na ile miwani yako ya misa, usimpe Skola akusomee. Kwenye simu nimeshindwa. Simu ya nyumbani huwekwa spika, ukisalimiwa wewe unaitikia mtaa mzima wa Viwanja Sitini, na haya ninayotaka kusema si ya mtaa.

Jumapili iliyopita uliniuliza, "Deo mwanangu, nimekukosea nini?" Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, mama. Ulikuwa safi kabisa, nilikuwa nasikia mpaka jogoo wa jirani.

Hujanikosea. Karibu miaka miwili tangu utoke hospitali umekataa misa yako ya shukrani isisomwe mpaka niwepo, na kila nikiulizwa naja lini nasema mwezi ujao. Sababu si kazi. Sababu ni kwamba mimi nilikuzika, mama. Ulikuwa hai wodini, na mimi huku nikakuzika kwenye mkono wangu wa kushoto.

Acha nieleze tangu mwanzo, nisije nikajificha nyuma ya maneno.

Unakumbuka baba alipofariki nilikuwa Morogoro kwenye mafunzo ya ufundi. Baba mdogo Akwilini alinipigia akasema, "Deo, baba yako haendelei vizuri, anakuulizia. Njoo, ila usije peke yako, tafuta mtu wa kuongozana naye." Mimi kijana mjinga nikanunua machungwa ya kumletea mgonjwa. Nikashuka nikakuta turubai limefungwa na wanaume wamekaa kwenye mabenchi, nami nimesimama na mfuko wangu wa machungwa. Siwalaumu. Ndivyo tulivyo kwetu, msiba hausemwi kwenye simu, kwa kuwa mtu akiusikia njiani anaweza kuanguka. Lakini tangu siku ile nilijifunza.

Basi ile asubuhi ulipoanguka, baba mdogo alinipigia tena. Mtu yule yule, maneno yale yale: mama yako haendelei vizuri, anakuulizia, usije peke yako. Hata mahali alipovuta pumzi palikuwa pale pale. Nyuma yake nikamsikia Skola analia. Sikuuliza kitu. Kuuliza kuna faida gani? Utadanganywa, na aliyekudanganya utakuwa umemwongezea dhambi bure. Nilijaribu kumpigia Skola, simu haikupatikana, nikajua wamemnyang'anya asije akaniambia ukweli. Kumbe ilikuwa imeisha chaji kule wodini. Na kumbe baba mdogo safari hii alikuwa amesema ukweli mtupu, hakupunguza wala hakuongeza.

Wenzangu wakazima mashine, wakaja kukaa na mimi. Basi lilikuwa la alfajiri kesho yake, kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima wa kulia. Na katika kulia huko, mama, nilichokuwa nakifikiria ni msalaba wa baba. Ule aliouchonga seremala wa Mlabani, jina kwa rangi nyeusi, chini yake Kuz. na Kuf. Mwaka wa tatu mchwa wakaumaliza, yakaja mafuriko yakasawazisha kila kitu, na mpaka leo baba mdogo anasema kaburi liko upande huu wa njia na wewe unasema liko upande ule. Kila Novemba tunawasha mishumaa pande zote mbili. Nikajiambia, wa mama mchwa hawatauweza.

Nyuma ya kinyozi wa mtaani kwetu huku kuna chumba, anakaa kijana anaitwa Chidi, kazi yake ni kuchora watu tatuu. Wewe mwenyewe umenisikia nikiwacheka vijana wenye michoro hiyo, nikisema mtu hawezi kuufanya mwili wake ukuta wa baa. Siku hiyo nikaingia kwa Chidi saa nane mchana, macho yamevimba, nikamchorea kwenye karatasi msalaba wa baba kama ninavyoukumbuka, ila kwa jina lako.

Aliniuliza, "Braza, una uhakika?"

Nikasema chora.

"Msiba bado mbichi huu. Kazike kwanza, ukirudi tutachora."

Nikasema chora.

Akaniuliza mara ya tatu tena na ile sindano yake ikiwa inanguruma, na mara ya tatu nikasema chora. Bibi kule Mahenge alikuwa na chale kwenye mashavu yote mawili, lakini bibi alichanjwa akiwa mtoto na hakuna aliyemwuliza. Mimi nimeulizwa mara tatu, mtu mzima mwenye ndevu. Iliuma, na nilitaka iume. Mwaka wa kuzaliwa niliweka ule wa kwenye kitambulisho, ambao wewe husema uliuotea tu kumridhisha karani. Tarehe ya kufariki nikaweka ya siku ile ile. Hata hiyo sikumwuliza mtu. Chini kabisa akaandika PUMZIKA MAMA.

Kesho yake alfajiri niko stendi, begi miguuni, Skola akapiga. "Kaka, mama kafumbua macho. Kaomba uji, na kasema usitiwe sukari nyingi. Anakuulizia."

Mama, nilipiga magoti pale pale katikati ya mabegi ya watu. Nilifurahi, naomba uniamini katika hilo. Lakini furaha haikufika mbali. Macho yalishuka yakatua kwenye mkono, ukiwa umefungwa nailoni, bado unatoa majimaji. Nikajiona nimeingia wodini kwenye joto lile la Ifakara, nimevaa sweta, Skola ananiambia kaka vua utaungua, nami navua, na wewe kitandani unageuza shingo unasoma siku uliyokufa. Konda akaita abiria wa mwisho. Sikunyanyuka. Basi likaondoka na kiti changu kitupu.

Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko mchoro wenyewe. Mama yake mtu kafumbua macho, kamwulizia, na yeye kaona haya zaidi kuliko alivyoona hamu. Ulilala wodini wiki tano. Nilisema gari limejaa. Nikasema bosi kanikatalia. Nikasema daraja limekatika, na Skola baadaye akaniambia siku hiyo mabasi yalikuwa yanapita vizuri tu, ila wewe ukanitetea, ukasema labda nimesikia habari za mwaka mwingine. Heri ungenitukana. Kutetewa na mtu unayemdanganya kunauma kuliko sindano ya Chidi.

Karakanani nako sikupona. Nilipowaambia mama yuko hai walishangilia, wakanipa pole na hongera siku moja. Kazi yetu ya kuchomelea ina wema mmoja, hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa mikono mirefu. Lakini kuoga naoga mwenyewe, na nikioga nausoma. Nikajaribu kuutoa. Nilisugua kwa ndimu na chumvi. Nikanunua dawa ya kupaka kwa mtu wa stendi, ikaniachia kidonda cha wiki tatu, kilipopona nikakuta msalaba uko pale pale, tena kama umeoga.

Nikarudi kwa Chidi, nikamwambia futa. Akasema, "Hii haifutiki, braza, hii inafunikwa. Tuugeuze uwe kitu kingine." Akaniuliza mama anapenda nini. Nikamwambia mpunga. Chidi kwao ni migombani, mpunga hajawahi kuuona ukiwa shambani, akatafuta kwenye simu akapata picha akaifuata. Nilipoangalia kazi imekwisha nikaona amenichorea ngano. Nikamwambia arekebishe, ainamishe shuke, maana mpunga ukikomaa unainama. Akaongeza wino. Akaongeza tena. Sasa kuna michoro mitatu, mmoja juu ya mwingine. Wapangaji wenzangu wakiniona kwa mbali nikitoka kuoga wanasema fagio, watoto wa mwenye nyumba wanasema jogoo. Maneno ya chini yamefunikwa na mstari mpana mweusi. Na tarehe, mama, ukinisimamisha juani, bado inasomeka.

Jina lako nilikataa lisiguswe. Lipo juu ya fujo yote hiyo, BLANDINA, limenyooka.

Mtu wa kwanza kazini kuuona, tena kwa ukaribu, ni Masanja, wiki hii, nilipoungua kwa cheche akanivua shati kwa nguvu. Akautazama sana. Akasema, "Huu si mkia wa ng'ombe?" Tulicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha, nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Deo, sisi ng'ombe wetu tunawapiga chapa. Akipotea, hata akapelekwa mbali namna gani, mtu akiiona chapa anajua arudishwe kwa nani. Wewe umeandikwa jina la mwenye mali, unazurura Arusha unatafuta nini?"

Nikamwambia mimi si ng'ombe. Akasema ng'ombe angekuwa ameshafika.

Kwa hiyo nakuja, mama, ukinikubali. Barua nimeitanguliza makusudi, ili hasira uwe nayo kwanza bila mimi kuwa mbele yako nikikufanya unionee huruma. Najua utanuna. Unajua kununa wewe, unaweza kupepeta mchele debe zima hujasema neno. Nuna hata siku tatu, ninastahili. Ila usiseme tena kwamba umenikosea, hilo sitalibeba.

Nitavaa shati la mikono mifupi. Sitaki kukaa mbele yako na joto lile nikijifanya nasikia baridi. Padri akiniuliza nitamweleza, na akina mama wa jumuiya wakinitazama waache watazame.

Jambo moja naomba kwa unyenyekevu. Ile tarehe iliyoko mkononi mwangu imeshapita mara moja, nilijifungia ndani siku nzima. Mwezi ujao inarudi mara ya pili. Kama padri ana nafasi, misa yako ya shukrani isomwe siku hiyo hiyo. Nataka nikae benchi moja na wewe, nikuone unaimba, siku ile inayosema hupo.

Nisalimie Skola, dada yangu aliyekuuguza kwa mikono miwili wakati mimi nina mmoja niliouficha. Mwambie aniwekee samaki mkavu, lakini asiniulize kitu kwanza. Baba mdogo Akwilini mpe shikamoo yangu ya heshima zote, na umwambie namwomba radhi, alisema kweli na mimi nikamsikia kama muongo. Mama mkubwa wa Mlabani mwambie geti lake nililomwahidi limekwisha, nitalileta. Na yule jirani anayekuchotea maji asubuhi, Mungu amlipe, maana anafanya kazi yangu.

La mwisho. Ukiisha kusoma, usimwambie Skola anipigie, wala baba mdogo. Nikisikia tena sauti ya mtu mwingine ikiniambia kwamba mama ananiulizia, sijui nitafanya nini. Safari hii shika simu wewe mwenyewe, izime spika, uniulizie kwa mdomo wako. Hata kama ni kunitukana, mama. Nitajua uko hai, nami nitapanda basi.

Ni mimi mwanao, mwenye jina lako mkononi na aibu usoni,

Deo