Hapa Tate Angali Muzima

Walikale, siku ya nne, 14 juillet 1966

Kile sijaambia muntu, hata padiri: hapa Walikale Tate, mama ya Papa, angali muzima, na mimi ninapenda vile.

Tulimuzika kwetu Kingi, kule Masisi, juu ya shamba ya maharagi. Sasa myaka mbili. Ilikuwa vita, barabara ilifungwa, habari haikufika huku mu pori kwa watu wake. Njo maana Papa ametuleta: awaambie, na sisi watoto tuone fasi mama yake alizaliwa.

Tulifika jana na kamyo, mavumbi mpaka mu meno. Mudogo wake Tate — tunamwita Tate Mudogo — alinishika uso na mikono mbili. Huyu iko na macho ya dada yangu! Dada yangu anaendelea aje?

Sauti yake iko ile ile!! Ya Tate wetu, kabisa.

Nilitazama Papa. Papa alitazama sahani yake. "Anawasalimia," alisema, na kinywa imejaa samaki.

Siku ya tano, 15 juillet

Mama amekasirika. Nimemusikia nyuma ya nyumba akimuuliza Papa: Njaa gani ile ilikushinda, Papa Adelaïde?

Kwa watu wa huku, mwenye kuleta habari ya kifo hakule. Anafika, anakaa chini kwa udongo, anakatala chakula. Hasemi kitu. Wote wanajua, wanaanza kulia. Papa alijua vizuri! Lakini safari ilikuwa ndefu, samaki ya moshi ilinukia... Sasa akisema, watamwambia: ulikuja kushiba kwetu na maiti ya dada yetu mu kinywa.

"Kesho," Papa anasema. Tena kesho.

Mimi ninafurahi. Mungu anisamehe.

Siku ya Mungu, 17 juillet

Kisha misa Tate Mudogo alinipeleka kwa mto, pale yeye na Tate walikuwa wanavua samaki na vitunga. Nyumba yao haiko tena. Majani tu, na migomba tatu. Nilishika moja. Tate aliniambiaka juu ya mto huu mpaka nilifikiri ni ya hadisi — na maji iko baridi kweli!

Ananiuliza: dada angali anaimbaka akitwanga?

"Oui," nilisema. Uongo ya kifaransa haina uzito sana. Kisha: "Ndiyo, Tate. Anaimbaka vibaya."

"Vibaya sana! Kuku zilikuwa zinakimbia!" Alicheka mpaka akakaa.

Nikamuambia vile anakaa kwa jua, vile anagombeza mudogo wangu Benoît. Mimi, mwenye ku masomo wananiita jiwe! Sikunyamaza mpaka nyumbani.

Siku ya kwanza, 18 juillet

Tate Mudogo anakuja na sisi Masisi. Amefunga mizigo. Kuku zake zote amezipatia majirani. Anasema anataka kuzeekea karibu na dada yake.

Kamyo inaondoka kesho. Papa hajamwambia.

Kuku zake zote! Na kule iko kaburi tu.

Saa ya kula Tate Mudogo alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Papa alinawa mikono. Mimi nikatoka ku kiti, nikakaa chini, kwa udongo.

"Adelaïde, kuja ule."

Nikakatala na kichwa.

Léopold, ndugu ya Papa wa huku, akacheka: ah, watu wa milima! Kama haiko maharagi, haiingie!

Tate Mudogo akanisogezea sahani. Nikaweka mikono nyuma. Akanitazama. Kisha akatazama Papa, mikono ya Papa ikidondosha maji — na Léopold akaacha kucheka.

Tate Mudogo akachukua sahani, akaingia mu nyumba. Hakulia. Mpaka sasa sisikie kilio.

Niko peke yangu mu chumba. Akilia, njo Tate amekufa na huku. Ilibakia fasi moja tu, na mimi njo nimeifunga.

Kuko muntu anakuja. Haiko viatu vya Papa. Miguu ya muzee, bila viatu, polepole — anasimama kwa mulango — ninaweka karatasi chini ya mukeka, anaingia.