Posa Mbili

Nzuguni, Dodoma
Machi 1996

Kaka Halfani,

Shikamoo kaka. Huku tu wazima, ni joto tu na vumbi. Wewe na baridi ya Denmark mnaendeleaje, kikohozi kimekuacha? Mwanangu Nasra ameota meno mawili, na picha yako anaibusu mpaka inalowa.

Barua yako ya kutueleza kazi yako niliisoma kwa sauti hapa uani. Jinsi shirika lenu linavyokutuma kuulizia chumba, mwenye nyumba akuambie kimeshachukuliwa, halafu mzungu mwenzako wa kazi aende baada yako apewe funguo. Mama Elieth wa jirani akasema basi hao watu wana roho mbaya, pamoja na elimu yao yote. Mimi nililia kwa fahari, ndugu yangu anawatetea Waturuki na Wasomali asiowajua.

Sasa kaka, baada ya sikukuu ya Idi, Mazengo, baba yake Nasra, alileta posa. Tangu baba afariki walii wangu wa kuniozesha ni wewe, na baba mdogo anakushikia nafasi. Alimjibu kwa upole tu, pole kijana, binti ameshaposwa. Nilikuwa jikoni nikajiuliza, nimeposwa na nani? Mazengo anaswali safu moja na baba mdogo, na zabibu zake za Hombolo ndizo tulizofuturu nazo.

Hapo nikaikumbuka kazi yako. Hashimu wa Busi, Mrangi mwenzetu anayelima na Mazengo shamba moja, nilimtuma mimi. Aende na posa ileile, maneno yaleyale. Baba mdogo akamchinjia jogoo, akamwambia binti yupo, hana mtu. Hashimu alimaliza paja kwanza ndipo akasema ukweli.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Akasema agizo si lake, ni lako. Ulimpigia simu ukamwambia asithubutu kumwoza Mgogo mtoto wa Kirangi, watu watatucheka. Hata jibu ulimfundisha wewe: mwambie ameshaposwa, ataondoka bila ugomvi.

Kaka, wewe unayelijua jibu hilo linavyouma.

Mazengo hajakusema vibaya. Bado analeta maziwa ya mtoto, anayaacha mlangoni. Mimi nakuomba upige simu tena, umwambie baba mdogo binti yupo. Ukishindwa, wasomee wenzako wa kazini barua hii, wakuandike kwenye orodha ya wabaguzi pamoja na wale wenye nyumba.

Nasra anakusalimu mjomba wake. Vaa sweta.

Mdogo wako anayekungoja,
Swaumu