Kizibo cha Jani la Mgomba

Mpendwa kaka,

Miaka yote, nikikuandikia naanza na shikamoo. Leo sijasahau. Nimekunyima.

Jumanne fundi alikuja kufungua injini ya pikapu ya Tata, baba yetu. Gari limekaa bandani miaka miwili, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, kiti changu. Alipotoa kava ya juu, aliingiza vidole akavuta kitu cheusi kilicholowa oili. "Dada, humu mlikuwa mnapika pombe ya rubisi?" akaniuliza, anacheka. Lilikuwa jani kavu la mgomba lililosokotwa, kizibo kabisa, kama tunavyoziba galoni za rubisi hapa Bweranyange. Nusu nyingine ilikuwa imesagika, ikashuka kuziba chujio la oili.

Unaikumbuka ile Jumamosi? Tulisema fundi wa nini, oili tunabadilisha wenyewe. Nililala chini ya gari nikafungua nati, oili ikanimwagikia mpaka shingoni, ukacheka hadi ukakaa chini. Nilifurahi siku ile, kaka, sikufichi. Halafu upepo ukaleta vumbi, na kifuniko cha oili hatukukiona kilipo. "Ngoja nizibe, uchafu usiingie," ukasema. Nikaenda ndani kutafuta faneli. Niliporudi nilikukuta umeinama, unachungulia mdomo wa injini, unachungulia chini ya gari. Nikakuuliza unatafuta nini.

"Spana."

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Nikakuonyesha. Ukasema haya, basi, mimina. Nikamimina. Kifuniko kikaonekana, tukafunga.

Siku ya tatu nilikuwa napandisha mlima na mikungu ya ndizi, karibu na Kiruruma. Taa nyekundu ikawaka, injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe, ikazima. Mawe, mama yangu! Nililia pale pale barabarani.

Jioni Tata akatuita. Maneno yako ninayo mpaka leo: "Nilimwambia apime oili, hakupima." Ulisema ukiniangalia usoni. Na mimi, mjinga mimi, nikakuamini! Nikafikiri labda kweli sikupima vizuri, nikapiga magoti kuomba msamaha. Tata akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Alikuwa amenifundisha kuendesha yeye mwenyewe, majirani wakimcheka, na siku ile hakunitazama. Watu wakaanza kuniita Mama Oili. Wewe ukahamia Mwanza, na kila ukipiga simu ni hilo hilo, "Mama Oili, hujambo?" Kisha unacheka. Ulikuwa unajua, kaka, na ulikuwa unacheka.

Kuziba na jani ningekusamehe siku ile ile. Nani hapa asingefanya hivyo? Lakini ulinitazama nimepiga magoti kwa kosa lako, ukanyamaza. Nimekasirika, kaka.

Nilimpelekea Tata kile kizibo kiganjani. Alikifuta kwa shati lake, akakigeuzageuza. Unajua wewe ni mashoto, unasokota kinyume na sisi wote. Utotoni alikugombeza sana kwa vizibo vyako.

"Huu si mkono wako," akaniambia. "Waitu, mwanangu, nilikuonea."

Akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Kwa hiyo nina ufunguo wa gari lisilowaka. Fundi anasema injini imenoki, ila inafufuka. Kwa Tata ndiko kuna shida. Amenikataza nisikupigie, anataka umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, bila kusukumwa. Kuandika hakunikataza. Tangu Jumanne anakaa barazani na simu mapajani, na ikilia tu anaidaka kutazama jina. Leo ni Ijumaa. Jana ulipiga, akaipokea kwa mikono miwili. Ukamuuliza habari za mvua.

Mpigie tena. Ukishamwambia, nitakuamkia.

Mdogo wako,
dereva wa Tata.