Chipu ya Kopo la Kijani

Jumatano. Mvua haijakatika hapa Kasingirima tangu asubuhi, na mimi nina hasira na kopo.

Baba mdogo ananifundisha ufundi kwenye kibanda chake cha redio na simu. Mama alikubali kwa sharti moja: ile kompyuta ya zamani, nzito kama gunia la mihogo, iwake kabla ya Ijumaa. Isipowaka, naenda Mwamgongo kwa shangazi kuanika dagaa mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke.

Sina ubaya na dagaa. Ila nikishika bodi ya mashine, aibu inaniacha. Kwingine kote ninayo.

Tatizo ni kumbukumbu ya mashine. Ukiwasha, skrini inajaa vimraba vyeusi na vyeupe, basi. Chipu za kumbukumbu ziko nane, zimejipanga mstari. Baba mdogo alinifundisha kuchukua chipu nzima, isiyo mbovu, kuipandisha mgongoni mwa ile ninayoishuku, mguu juu ya mguu, kisha niwashe. Kama ya chini imekufa, mara nyingi ya juu inafanya kazi badala yake.

Tangu Jumatatu nimezijaribu zote. Vimraba vilevile. Nikarudia. Leo nimeng'oa mbili kabisa, nikaungua kidole, na kijia kimoja cha shaba kikabanduka kwenye bodi. Nililia kidogo, nikasingizia moshi wa risasi ya kulehemu.

Mchana baba mdogo akainama kuangalia.

"Hii ya kupimia umeitoa kopo lipi?"

"La kijani."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama wee! La kijani ni la chipu mbovu, nazitunza kwa ajili ya miguu tu. Umempa maiti ambebe mgonjwa! Kwani hukuuliza?"

Sikuuliza.

Makopo ya chipu yalikuwa mawili, la kijani na la bluu. Niliona ni swali la kijinga, nikachagua mwenyewe.

Akanipa nzima kutoka kopo la bluu. Kabla sijaipandisha, umeme ukakatika mtaa mzima, na mpaka sasa haujarudi.

Naandika kwa simu, chaji inaisha. Chipu iko mfukoni, nimeifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Huenda kesho mashine ikawaka, huenda isiwake. Lakini kuna swali jingine ninalolimeza kila siku, kubwa kuliko la kopo. Nimelijaribu kwa sauti, mvua ikinificha:

"Baba mdogo, hata isipowaka, utaniombea kwa mama nibaki?"

Kesho nitamuuliza kabla sijagusa bodi.

Sauti itatoka?