Unga wa Dari

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila nimepandwa na hasira.

Nimekuomba dawa ya shamba, unaniletea magunia matano ya vipande vya dari! Dereva wa lori ameyabwaga mlangoni, majirani wamevunjika mbavu. Unakumbuka baba yako mdogo alivyogawa mashamba baada ya msiba wa baba yako? Ya juu akachukua yeye. Mimi akanitupia hili jeupe kwa chumvi: "Shemeji, hili lako, fanya utakavyo." Miaka miwili mpunga unaota, unakuwa njano, unakufa. Sasa nipande dari?

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru.

Usifoke kwanza. Bodi za dari tunazotengeneza hapa kiwandani ni za jasi, yale madini meupe laini, na jasi ndiyo dawa. Bandua karatasi, twanga, mwaga shambani pamoja na samadi na pumba za mpunga zilizochomwa. Jaza maji, yaache siku chache, kisha yafungulie yatoke yote mferejini. Rudia mara tatu. Jasi inaing'oa chumvi, maji yanaibeba. Usipoyatoa, umejichosha bure. Mtaalamu wetu wa maabara amenieleza, nami namwamini.

Mwanao

2 Septemba

Wewe,

Salamu utazipata nikimaliza kufoka.

Mpunga umenifika kifuani! Nilitwanga dari hadi nyusi zikawa nyeupe, na sasa unatoa masuke. Juzi baba yako mdogo kaja, kauzunguka, kesho yake kapigilia vigingi. Kwenye kamati ya maji, inayoamua ugomvi wa mashamba, akatoa mfukoni barua uliyomwandikia: "Ahsante, Baba Mdogo, kwa kutuazima shamba, sasa litapona." Kuazima! Nani alikwambia tuliazimwa? Mwenyekiti anasema uliyeandika ujieleze kabla ya tarehe kumi na sita, la sivyo shamba linarudi kwake.

Mama yako, kwa bahati mbaya

8 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Niliandika kwa heshima tu. Ningemwambiaje mtu mzima, "Ahsante kwa kututupia"? Ni ndugu wa baba. Hatuwezi kuyamaliza kifamilia? Labda tumpe nusu, yaishe.

Mwanao

10 Septemba

Nusu ipi? Ile niliyotwangia dari au ile niliyobebea samadi kichwani? Alipokuwa anagawa, hiyo familia ilikuwa wapi?

Heshima yako umempa yeye yote, mimi umenibakishia nini? Usiniandikie tena. Ukiwa na la kusema, njoo ulisemee kwenye kamati.

Mama

13 Septemba

Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Nimeomba ruhusa kazini. Tarehe kumi na tano nipo hapo, na haya ndiyo nitakayoyasoma: "Hakutuazima. Alimpa mama shamba lililokufa, akampa kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mimi niliandika uongo kwa sababu ya adabu. Mama ndiye aliyelifufua." Nitayasoma baba mdogo akiwa amenikodolea macho. Kaa mbele nikuone.

Mwanao

6 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba zote ulizonidai. Mfuko wa mchele mpya niliokutumia umefika salama? Usimgawie kila mtu.

Siku ile ulisoma mpaka mwisho, kamati ikaniachia shamba. Vigingi ameving'oa mwenyewe, nami nilisimama pale nikivihesabu. Mwanamume mzima, macho makavu, hata samahani hakusema!

Sasa sikiliza. Mashamba yake ya juu anayajaza maji kila msimu na hajawahi kuchimba mfereji wa kuyatoa. Yameanza kuwa meupe. Jana amemtuma mkewe anong'one mlangoni kwangu: ati nimwazime magunia mawili ya ule unga.

Kuazima, mwanangu!

Nimemjibu unga upo. Aje mwenyewe, kwenye kamati ileile, aombe kwa sauti.

Mama yako

Lete magunia mengine sita. Atakuja tu.