Kuku Wenu Atangoja

Mwende, mtoto wa dada yangu, sasa? Kioko wangu amenipokonya kalamu saa hii tu akajichora tumbo lote. Huku Kawangware tuko salama, na maduka yameanza kufunguliwa.

Umeuliza kama mje tu kumwonyesha nyanya yako mtoto mliyempa jina lake, ingawa serikali ya huko mnakoishi inakataza watu kuja Kenya kwa sababu ya fujo za uchaguzi. Ngojeni kwanza. Najua unaogopa nyanya yako ataumia moyo.

Nikiwa msichana tulipanga kwenda Kitui Krismasi, mto ukafurika. Nyanya yangu wa huko alikuwa ameshamfunga kuku wetu kitambaa mguuni, ajulikane ni wa wageni, na hakumchinja. Majirani wakimcheka, anawaambia, "Huyu ako na wenyewe." Tulifika Pasaka, tukampata na vifaranga.

Jana nilimwambia nyanya yako mtakawia. Akauliza, "Huyo mtoto ameota meno?" Nikamwambia bado. "Basi wakawie. Kuku atamla kwa meno gani?" Sasa yuko nje na kitambaa, anachagua kuku wenu, na mimi naona atachukua yule mwekundu mwenye... ngoja, ananiita nikamshikie kuku.